Shindano lako la kwanza la sarakasi za ndege za rimoti: kutoka kusajili hadi karatasi ya alama

Ukitaka kujua kama rubani wa ndege za rimoti yuko tayari kushindana, usimtazame akipiga kitanzi, yaani duara la wima angani. Mtazame kati ya kitanzi kimoja na kingine. Ndege ikipita mbele yake kwa kimo kilekile na umbali uleule, mabawa yakiwa sawa, pale pale upepo unapoisukuma, basi huyo yuko tayari, hata kama anajua maumbo matano tu. Anayejua maumbo ishirini na kati yake ndege inayumba huku na huko, bado.

Hivyo ndivyo mchezo huu ulivyo. Majaji wamekaa nyuma yako, kila umbo linaanza na alama 10 kichwani mwao, na kazi yao ni kupunguza. Hakuna alama za ujasiri wala za moshi. Ndege za kuning'inia kwa propela sentimita chache juu ya nyasi zina mashindano yake, na watazamaji wake ni wengi kuliko wetu. Huku kwetu tunachora mistari.

Kimataifa daraja hili huitwa F3A na linasimamiwa na FAI, shirikisho la michezo ya anga lenye makao Lausanne, Uswisi. Ubingwa wa dunia wa kwanza ulifanyika Dübendorf, Uswisi, mwaka 1960, na Mmarekani Ed Kazmirski akaondoka na taji. Afrika nayo imeshakuwa mwenyeji: mwaka 2013 marubani wa dunia walikutana Potchefstroom, Afrika Kusini. Mwongozo huu, hata hivyo, nauandika kwa kufuata mashindano ya klabu za Marekani, kwa sababu huko mlango wa anayeanza uko wazi kuliko kwingi ninakokujua, na Waswahili wenye mapenzi ya ndege moyoni huko si haba.

Hatua ya 1: Chagua daraja kwanza, ndege baadaye

Chama cha ndege za mfano cha Marekani kinaitwa AMA, na makao yake yako Muncie, Indiana, penye uwanja mkubwa wa ndege za mfano ambako pia hufanyika mashindano ya taifa. Chini yake kuna NSRCA, jumuiya ya wanaoshindana sarakasi za usahihi. Madaraja yao yanapanda hivi: Sportsman, Intermediate, Advanced, Masters, kisha FAI yenyewe, yaani F3A. Ingia Sportsman. Usiruke daraja hata kama klabuni kwenu wewe ndiye unayepigiwa makofi, maana makofi ya klabu na alama za jaji ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ndege ya F3A kamili haizidi mita 2 kwa upana wala mita 2 kwa urefu, na uzito wake hauzidi kilo 5. Nyingi sasa ni za umeme zenye betri ya seli 10, na kanuni inaweka kikomo cha volti 42.56. Ni ndege ya kupendeza, na bei yake inaweza kukugharimu maelfu ya dola ukishaweka mota, servo (vimota vidogo vinavyosogeza usukani na mabawa) na betri. Huihitaji. Sportsman unaweza kuirusha kwa ndege ya povu au ya mbao ya mita 1.3 hadi 1.6, mradi iwe na bawa lenye umbo sawa juu na chini, ili ikiwa chali iruke karibu sawa na isipokuwa chali. Ndege ya kujifunzia yenye bawa lililonona upande wa juu itakusumbua kila ukigeuka chali, na jaji hataijali sababu.

Kama una pesa ya ziada, inunulie betri. Seti nne za betri na ndege ya kawaida zitakufikisha mbali kuliko ndege ya kifalme yenye seti moja, kwa kuwa mchezo huu unajengwa kwa wingi wa safari za mazoezi.

Hatua ya 2: Makaratasi

Marekani, kila anayerusha kwa burudani ndege yenye uzito unaozidi gramu 250 anajisajili kwa FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko. Ada ni dola 5 na usajili unadumu miaka 3, na namba unayopewa unaibandika nje ya ndege. Kuna pia mtihani mfupi wa bure wa usalama uitwao TRUST, unaofanywa mtandaoni. Chapisha cheti chako ukae nacho. Sheria ya utambulisho wa mbali inataka ndege itangaze ilipo kwa redio, lakini viwanja vingi vya klabu vimetambuliwa na FAA kuwa maeneo ambamo kifaa hicho hakihitajiki. Uliza kabla hujafunga safari. Kikomo cha kimo katika anga isiyodhibitiwa ni futi 400, karibu mita 120, na baadhi ya viwanja vimepata kibali cha kupanda zaidi. Hilo nalo uliza.

Uanachama wa AMA ni lazima kwa shindano lililoidhinishwa na AMA, kwani bima ya uwanja imejengwa juu yake. Kadi yako itaangaliwa mezani asubuhi ya shindano.

Unasafiri kwa ndege ya abiria? Betri za lipo (lithiamu-polima) zinapanda nawe kwenye mzigo wa mkononi, ncha zake za umeme zimefunikwa, kamwe si kwenye sanduku linaloingia chini. Betri isiyozidi wati-saa 100 kwa kawaida haina shida. Kati ya 100 na 160 unaomba ridhaa ya shirika la ndege. Zaidi ya hapo haipandi. Hapa ndipo ule mtindo wa kuunganisha betri mbili za seli 5 badala ya moja ya seli 10 unapokuokoa: seli 5 za miliamp-saa 5000 ni volti 18.5 mara 5, sawa na wati-saa 92.5. Zimepita.

Na aliye nyumbani, au anayetaka kuja na ndege yake likizo: Kenya ina kanuni za mwaka 2020 za vyombo vya angani visivyo na rubani chini ya KCAA, mamlaka yake ya usafiri wa anga, na Tanzania shughuli hizo ziko chini ya mamlaka yake, TCAA. Pata ruhusa kwa maandishi kabla ya kufungasha. Kumweleza afisa wa forodha kwamba hii si droni bali ni ndege ya sarakasi ni mazungumzo marefu, na yeye ndiye mwenye mhuri.

Hatua ya 3: Keti karani kabla ya kushindana

Ushauri huu ningeupa uzito kuliko wowote wa kununua kifaa. Nenda kwenye shindano moja bila ndege. Jitambulishe kwa mkurugenzi wa mashindano, mwambie unataka kujifunza, ujitolee kuwa karani wa jaji. Mashindano ya klabu yana uhaba wa watu siku zote. Marubani wa daraja moja ndio wanaohukumu daraja jingine, na atakayejitolea kuandika namba hupokewa kwa mikono miwili.

Kazi ya karani ni kukaa ubavuni mwa jaji, kumwambia umbo linalofuata, na kuandika alama anayoitaja. Jaji haondoi macho kwenye ndege. Baada ya marubani watatu hivi utaanza kukisia alama kabla hajaitamka, na pale utakapokosea ndipo utakapojifunza: wewe umesema 9 kwa kuwa umbo lilikuwa zuri, yeye kasema 6 kwa sababu mbiringiko (ndege kujizungusha kwa mabawa yake) haukuwa katikati ya mstari. Akipata nafasi kati ya rubani na rubani, muulize. Usimuulize wakati rubani anaruka, na usitaje alama za mtu kwa mtu mwingine.

Kanuni kuu utakayoisikia ni hii: kila kupotoka kwa takriban nyuzi 15 ni alama moja chini. Mstari wa nyuzi 45 uliotoka kama nyuzi 60 umepoteza alama. Ukitoka kwenye kitanzi ukiwa umeelekea pembeni kwa nyuzi 15, alama nyingine. Ndani ya umbo moja makosa yanajumlishwa, ndiyo maana umbo linaloonekana si baya likaishia 5.

Hatua ya 4: Sawazisha ndege mpaka isikubishie

Ndege isiyosawazishwa inakula akili yako yote, na hakuna inayobaki kwa ajili ya upepo. Fanya kazi hii asubuhi isiyo na upepo, jambo moja kwa kila safari, na uandike kila ulichobadili.

Anza na kitovu cha uzito. Panda kwa mstari wa nyuzi 45, geuza ndege chali, achia vijiti. Ikiendelea kwenye mstari kwa sekunde kadhaa kisha kuinamisha pua polepole, uko karibu. Ikiinamisha pua haraka, pua ni nzito, rudisha betri nyuma kidogo. Ikijipandisha yenyewe kuelekea juu, mkia ndio mzito, sogeza betri mbele.

Kisha mota. Vuta ndege iende wima kabisa, moto wote (yaani nguvu yote ya mota), mabawa sawa, ukiachia vijiti. Mara nyingi itavutwa kushoto na mzunguko wa propela. Dawa yake ni kuielekeza mota kulia kwa nyuzi moja au mbili zaidi, kwa vipande vyembamba nyuma ya mota. Usiitibu kwa kusogeza usukani wa mkia, kwani ukipunguza moto kosa litahamia upande wa pili.

Baada ya hapo angalia uzito wa mabawa. Piga vitanzi vya kubana mfululizo; bawa lilelile likishuka kila mara, hilo ni zito, ongeza uzito mdogo kwenye ncha ya lile jingine. Hatimaye, rusha ndege kwa ubavu ukishikilia usukani tu. Ikivutwa kuelekea tumboni au mgongoni, au ikijaribu kujinyoosha, rimoti za kisasa zinaweza kuchanganya usukani na elevata (ya kupandisha na kushusha pua) na aileroni (za kuinamisha mabawa) ziondoe tabia hiyo. Changanya kidogo kidogo, asilimia moja au mbili kwa mara. Rimoti yenye mchanganyiko mwingi kupita kiasi ni dalili kwamba hatua za mwanzo zilirukwa.

Hatua ya 5: Ihifadhi ratiba ukiwa chini

Ratiba ya Sportsman, yaani orodha ya maumbo kwa mpangilio wake, hubadilishwa kila baada ya muda, kwa hiyo pakua ya mwaka huu. Ndani yake hutakuta kitu cha kutisha: vitanzi, Immelmann (nusu kitanzi kisha nusu mbiringiko juu), nane ya Kuba (namba 8 iliyolala) au nusu yake, stoltani (kupanda wima, kugeuka na kushuka), mbiringiko, mstari wa nyuzi 45, na kadhalika. Kinachotisha ni kwamba vinafuatana bila kupumzika. Umbo la katikati linafanyika mbele ya majaji, halafu umbo la kugeukia mwishoni mwa boksi (eneo la kurukia, tutalipima katika Hatua ya 6), kisha unarudi katikati kwa jingine, mpaka mwisho. Michoro imeandikwa kwa alama zilizotokana na kazi ya Mhispania José Luis Aresti. Utaizoea kwa jioni moja.

Tengeneza kindege kidogo cha kadibodi kwenye kijiti, simama sebuleni, na ukiendeshe kwa mkono ratiba nzima huku ukisema kwa sauti unachofanya: vuta, shikilia, nusu mbiringiko, shikilia, vuta. Watoto watakucheka. Mabingwa wa dunia wanafanya hivyo hivyo ukingoni mwa njia ya kurukia, macho yamefumbwa, dakika chache kabla ya kuitwa. Programu ya kuigiza kwenye kompyuta nayo inasaidia kwa mpangilio, ila upepo wake ni mpole mno na umbali wake unadanganya macho.

Hatua ya 6: Mazoezi: mstari, upepo, boksi

Boksi ni eneo la kufikirika mbele yako: nyuzi 60 kushoto, nyuzi 60 kulia, nyuzi 60 kwenda juu. Kwa F3A mstari wa kurukia uko karibu mita 150 kutoka kwa rubani, na ukivuka 175 unaanza kuadhibiwa kwa kuwa majaji hawaoni vizuri. Kwa umbali wa mita 150, kila upande wa boksi una mita 260 hivi. Inasikika kama bara zima, lakini ndege ya kasi inaimaliza ndani ya sekunde chache. Kwa ndege ndogo ya Sportsman sogea karibu kidogo, mita 100 hadi 120, ili majaji waone mabawa.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kwenda mbali bila kujua. Kila umbo linampeleka nje mita kumi, na kufika katikati ya ratiba anaigeuza ndege ambayo ni nukta. Tafuta alama za ardhini: mti, mstari wa ua, barabara ya shambani. Mtu asimame kwenye umbali unaotakiwa (nje ya njia ya ndege, bila shaka) akwambie kwa simu kama uko juu ya mstari au umeupita.

Mazoezi ya wiki za kwanza yasiwe na umbo lolote. Pita kushoto kwenda kulia, geuka, pita kulia kwenda kushoto. Kimo kimoja, umbali mmoja, kasi moja, mabawa sawa. Halafu hivyo hivyo ukiwa chali. Inachosha, na asilimia kubwa ya marubani wa klabu hawataki kuifanya, ndiyo maana ukiifanya utawapita.

Sasa upepo, ambao ndio mchezo wenyewe.

Jaji wa F3A anahukumu njia ambayo ndege inapita angani, hahukumu pua inatazama wapi. Upepo ukitoka nyuma yako unaisukuma ndege mbali nawe. Ukitoka mbele unaileta kichwani kwako. Anayeanza hurekebisha kwa kuinamisha bawa, na bawa lililoinama linaonekana na kupunguziwa alama. Njia sahihi ni kusukuma usukani wa mkia kidogo ili pua itazame upepo kwa pembe ndogo, mabawa yakiwa sawa kabisa, na kushikilia hivyo hivyo kwenye mstari mzima. Ndege itaenda upande upande, nayo hiyo haikatwi alama, kwa sababu njia yake imenyooka. Mkono wa usukani ndio unaotenganisha madaraja. Nenda ukatazame rubani wa Masters kwenye upepo wa pembeni: kijiti chake cha usukani hakitulii hata kidogo.

Kwenye mistari ya wima ni vivyo hivyo. Njia ndiyo iwe wima, kwa hiyo ndege yenyewe italalia upepo kidogo. Stoltani ina pekee yake: ndege inapanda wima mpaka inakaribia kusimama, kisha unaigeuza kwa usukani ianguke pua chini. Pale juu ikishapoteza kasi upepo unaibeba, na kubebwa huko hakuhesabiwi. Kinachohesabiwa ni ile duara ya kugeukia: ikizidi nusu ya upana wa mabawa unaanza kupoteza alama. Ukisukuma usukani mapema mno, ndege inapita kwa upinde mkubwa na umbo limeharibika. Ukichelewa, inarudi kwa mkia. Wengi huwahi, kwa woga.

Kitanzi dhidi ya upepo, usipokirekebisha, huishia nyuma ya pale kilipoanzia, tena kikiwa na umbo la yai. Nguvu ya mota na elevata lazima vibadilike ndani ya duara: moto zaidi wakati wa kupanda, mkono mlaini juu, punguza moto wakati wa kushuka. Maumbo yenye mbiringiko ndani ya mstari yana sheria rahisi kuitamka na ngumu kuitii: urefu wa mstari kabla ya mbiringiko ulingane na urefu baada yake. Hesabu kichwani, moja-mbili, biringika, moja-mbili. Juu kwenye nane ya Kuba, ambapo kasi ni ndogo, hesabu hiyo itakudanganya: ukihesabu muda sawa, mstari wa kushuka baada ya mbiringiko utakuwa mrefu, kwa sababu ndege inaongeza kasi. Fupisha hesabu ya pili.

Ukipata siku ya upepo mkali, usirudi nyumbani. Siku ya shindano hakuna atakayekuuliza kama unaupenda.

Hatua ya 7: Mwitaji

Kanuni zinakuruhusu mtu mmoja asimame nawe na kukusomea ratiba. Nitamwita mwitaji. Mwitaji mzuri anataja umbo linalofuata wakati la sasa linamalizika, wala si mapema ukalisahau, wala si kwa kuchelewa ukaukuta ukingo wa boksi. Anakwambia pia kuhusu umbali na upepo kwa neno moja: "ndani", "nje", "shuka". Zaidi ya hapo anyamaze. Mke, mume, mtoto wa miaka kumi na minne, yeyote mtulivu anafaa kuliko rubani hodari anayependa kufundisha katikati ya umbo. Fanyeni mazoezi pamoja angalau mara kadhaa, na mkubaliane lugha. Mkizoea kuitana kwa Kiswahili, itaneni kwa Kiswahili. Majaji hawahitaji kumwelewa.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Fika mapema. Betri zimejazwa usiku, volti 4.2 kwa kila seli, na chaja iko tayari kwa raundi za baadaye. Viwanja vingi havina umeme, kwa hiyo uliza kuhusu jenereta. Asubuhi ya baridi zitunze betri ndani ya gari lenye joto, kwani lipo baridi haina nguvu. Hudhuria kikao cha marubani. Hapo ndipo utasikia mstari wa usalama uko wapi, upande gani wa kupaa, na mpangilio wa kuruka. Kuvuka mstari wa usalama kuelekea watu ni sifuri, na pengine ni mwisho wa siku yako.

Mashindano ya wikiendi mara nyingi yana raundi kama sita kwa Jumamosi na Jumapili, na zile mbaya hutupwa. Ukiharibu ya kwanza, bado uko mchezoni.

Ukiitwa, beba ndege mpaka mstarini, mtu aishike, ndipo uunganishe betri. Propela ya ndege kubwa ina inchi 20 na zaidi, na mota ya umeme haikohoi kabla ya kuwaka. Chukulia kwamba kila ndege yenye betri inaweza kuwaka sasa hivi. Sogeza kila kijiti, utazame bawa na mkia vikijibu upande sahihi. F3A inakupa dakika 8 kwa safari, na ratiba ya Sportsman ni fupi kuliko hiyo. Muda upo. Baada ya kupaa, geuka taratibu, jipange kwenye umbali wako, na uanze tu ukiwa umenyooka.

Utasahau umbo. Au utageuka upande usio wake. Ikitokea, umbo hilo ni sifuri, basi. Sikiliza mwitaji, rudi kwenye mpangilio, na lile linalofuata lianze upya kutoka 10. Hatari iko kwa anayejaribu kurudia umbo alilokosea: anaivuruga ratiba yote na sifuri moja inazaa nne. Majaji wameona mabaya zaidi, na wengi wao wameyafanya.

Tua ukiwa na robo ya betri. Unapomaliza, shukuru majaji na karani wao, ondoa betri mstarini kabla ya kubeba ndege, na nenda ukahukumu au ukaandike kwa ajili ya daraja jingine utakapoitwa. Kuponyoka wakati wa zamu yako kunakumbukwa.

Hatua ya 9: Kusoma karatasi ya alama

Kila umbo lina kipimo cha ugumu kiitwacho K. Jaji akitoa 8 kwenye umbo la K 3, unapata 24. Jumla za majaji zinawekwa pamoja, kisha aliye juu katika raundi hupewa 1000 na wengine wanapimwa kwake: yeye akiwa na 240 na wewe 204, raundi yako ni 850. Hivyo namba ya mwisho inategemea nani alikuwepo, na kuilinganisha na ya shindano la mwezi jana hakukufundishi chochote.

Kinachofundisha ni safu za kila umbo. Omba nakala, na upige mstari chini ya maumbo yenye K kubwa na alama ndogo, kwani hayo ndiyo yanayokunyang'anya pointi. Kuinua stoltani ya K 3 kutoka 5 hadi 7 ni pointi 6 kwa kila jaji. Kuung'arisha mstari wa K 1 kutoka 8 hadi 9 ni pointi moja. Tazama pia kama jaji mmoja anakupa chini kila mara upande uleule wa boksi. Mara nyingi si chuki: yeye amekaa upande ambao anaona wazi kwamba ndege yako inatoka nje, jambo ambalo wewe uliyesimama katikati huwezi kuliona.

Chagua maumbo mawili tu kutoka kwenye karatasi hiyo, uyafanyie kazi mpaka shindano lijalo, na mengine yaache yaende kama yanavyokwenda. Betri uzirudishe kwenye volti 3.8 kwa kila seli usiku huohuo kabla ya kuziweka, maana zikikaa zimejaa hadi wikiendi ijayo utazikuta zimevimba.